Sentensi ya Cibalonza

Cibalonza alianza kusoma Kiingereza kwa sababu ya vitambaa. Alikuwa na mashine ya kushona kwenye baraza ya duka la Amissi, sokoni Rumonge, na vitambaa vizuri kuliko vyote vilikuja kwa mitumbwi kutoka Kigoma, vikiwa na maandishi ya Kiingereza pindoni. Wateja wakimuuliza maandishi hayo yanasema nini, hakuwa na jibu, na yeye hakupenda kukosa jibu. Basi aliposikia kwamba kuna mwalimu mgeni, Mushi, yaani mtu wa Bushi, upande wa Bukavu, kama yeye, anayefundisha Kiingereza Jumamosi mchana katika darasa moja la misheni, alifunika mashine yake mapema akaenda.

Mwalimu huyo aliitwa Bahizire. Ujanani alikuwa amefanya kazi kwenye reli Kigoma, na huko alijifunza lugha kwa msimamizi wake, Mwingereza aliyekuwa mkali wa sarufi kuliko wa kazi. Siku za kawaida alifundisha watoto hesabu kwa Kifaransa. Kiingereza kilikuwa kitu chake mwenyewe, kama watu wengine wanavyofuga njiwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shati jeupe ambalo mama yake alilipiga pasi kila asubuhi. Wanafunzi wake wa Jumamosi walikuwa wachache: wafanyabiashara wa Kigoma, karani wa ghala la mawese, na sasa mshonaji mmoja.

Ilikuwa mwaka 1962, miezi michache kabla ya Uhuru wa Burundi.

Bahizire alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote. Sentensi moja, wakati mmoja. Ukianza na jambo lililopita, maliza na lililopita. Ukianza na la sasa, baki na la sasa. Kitu kilichopo kina neno lake, *is*. Kilichopita kina neno lake, *was*. Na maneno hayo mawili, alisema, hayalali kitanda kimoja.

"Sentensi ni mtumbwi," alikuwa akiwaambia. "Huwezi kuweka mguu mmoja ndani na mwingine ukauacha mchangani. Utaanguka majini."

Cibalonza alianguka majini kila Jumamosi. Aliandika kwamba jana mteja anakuja akachukua gauni, kwamba mvua inanyesha ilipokuwa asubuhi. Bahizire alipiga mstari wa chaki chini ya kila kitenzi, na sentensi ya mshonaji ikabaki ubaoni kama nguo iliyoshonwa kwa nyuzi za rangi tatu. Hakumcheka. Alifuta, akamwambia ajaribu tena.

Uhuru ulipokuja, tarehe mosi Julai, mji ulijaa ngoma na pombe ya ndizi, na watu walicheza barabarani mpaka vumbi likafika kwenye mapaa. Jumamosi iliyofuata Bahizire aliwataka wanafunzi watunge sentensi moja ya Kiingereza kuhusu siku hiyo. Idi alisimama wa kwanza. Alikuwa mwenye mitumbwi miwili ya injini, mtu mnene, mchangamfu, ambaye alikuja darasani zaidi kwa ajili ya mazungumzo. Alisema kwa Kiingereza chake kwamba tulikuwa chini ya Wabelgiji, tuko huru, tutaona.

Darasa lilicheka. Bahizire akatikisa kichwa.

"Idi, nyakati tatu mu sentensi moja. Chagua moja."

"Nichague gani, Mwalimu? Mimi nimekaa mu mbili, na ya tatu iko inakuja."

"Kiingereza hakikuulizi umekaa wapi. Kinataka moja."

"Basi Kiingereza hakikuwa hapa Rumonge wiki hii," Idi alisema, akaketi.

Cibalonza alibaki wenzake walipoondoka. Alimwambia mwalimu kwamba yeye naye anaona kama Idi. Ikiwa mambo yenyewe yamebadilika, kitenzi kitabakije vilevile?

Bahizire alipangusa chaki mikononi. "Msimamizi wangu alinikataza, na yeye alikuwa Mwingereza," alisema. "Zaidi ya hapo sijui."

Jibu hilo lilimvuta Cibalonza kuliko masomo yote aliyokwisha kumsikia akifundisha. Alikuwa amezungukwa na wanaume wanaojua kila kitu: baba yake, kaka zake, Amissi mwenye duka. Huyu alisema hajui, na uso wake haukubadilika.

Walioana mwaka uliofuata. Nyumba ilikuwa ya watu watatu, kwa kuwa mama wa Bahizire alikaa nao. Watu walimwita M'Cirhuza, yaani binti wa Cirhuza, kwa desturi ya Bushi ambako mwanamke hubaki na jina la baba yake hata akizeeka. Alikuwa mama mfupi, mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Watoto wawili walizaliwa katika nyumba hiyo, na wote wawili wakafa kabla ya kutembea. Baada ya hapo hawakuja wengine. M'Cirhuza hakumlaumu mkwe wake hata siku moja, ingawa majirani walimpa nafasi nyingi za kufanya hivyo.

Mume na mke walizungumza Kiingereza jioni, wakati wa kuchambua maharage. Kwao ulikuwa mchezo. Cibalonza aliendelea kuchanganya nyakati, Bahizire aliendelea kumrekebisha, na M'Cirhuza aliendelea kulalamika kwamba wanamsengenya. Miaka ikapita hivyo. Kulikuwa na serikali mpya na baada yake nyingine mpya, mfalme akaondoka, lakini ziwa lilikuwa na ndagala, samaki wake wadogo, na shule ilikuwa na watoto, na habari za Bujumbura zilifika Rumonge kama habari za mvua ya mahali pengine.

Mwisho wa Aprili 1972 zilifika zenyewe. Watu wenye mapanga waliingia mjini na vijijini kandokando ya ziwa, wakaua waliowatafuta na waliowakuta. Kwa siku kadhaa hakuna aliyefungua mlango. Kisha askari wakaja, na watu waliodhani mambo yamekwisha wakaona kwamba yanaanza upya kwa upande mwingine. Sasa waliotafutwa walikuwa wanaume waliosoma, wanaume wenye redio, wanaume wenye baiskeli nzuri, na Wakongomani, maana ilisemekana kwamba waliokuja na mapanga walikuwa na Wakongomani kati yao. Bahizire alikuwa mwalimu na alikuwa Mkongomani. Idi alimwambia apande mtumbwi wake, wavuke. Bahizire alisema kwamba shule imefunguliwa tena, na mtu asiye na kosa akikimbia anajitengenezea kosa.

Walimchukua asubuhi, darasani. Kamyo, lori la askari, ilisimama mbele ya shule, majina ya walimu yakatajwa, wakaambiwa kuna mkutano. Barabara ya kutoka shuleni ilipita mbele ya duka la Amissi. Cibalonza aliinua kichwa kutoka kwenye mashine akamwona mume wake amesimama ndani ya kamyo kati ya wanaume wengine, mikono ikiwa na chaki. Alimwona pia Lukeba, mwashi aliyejenga ukuta wa soko. Bahizire naye alimwona mke wake, akasema kwa sauti ya kawaida, kwa Kiswahili, "Nitakuja kula." Kamyo ikapinda kuelekea kaskazini.

Hakuja kula siku hiyo, wala siku zilizofuata. M'Cirhuza alimwekea chakula kila mchana, akakifunika kwa sahani nyingine, na kila jioni akawamwagia kuku. Alipozungumza juu yake alisema *anapenda* na *anasema* na *hataki*. Cibalonza alifanya vivyo hivyo. Hawakukubaliana kufanya hivyo. Ilitokea tu, kama watu wawili wanaobeba kitanda wanavyojikuta wanatembea kwa hatua moja.

Mwezi Julai askari walikuja nyumbani kwao.

Alikuja ajida, ndivyo watu walivyomwita mkubwa wa askari waliokuwa Minago, kijiji cha ziwani kaskazini mwa mji, pamoja na wawili wenye bunduki. M'Cirhuza alitoka akasimama mlangoni, akautanua mwili wake mdogo kadiri ulivyoweza kutanuka.

"Amahoro, mama," ajida alisema. "Bibi ya mwalimu iko?"

"Mwalimu mulichukua. Bibi munamutakia nini?"

"Kazi. Kazi tu. Atarudi leo."

Cibalonza alisikia kutoka ndani neno hilo, *atarudi*. Lakini alitoka. Ajida alimweleza kwamba daktari mmoja Mwingereza, mzee, amefika Minago na gari lililojaa chakula kutoka kwa Wakristo wa kwao. Ana ruhusa ya Bujumbura. Hajui Kirundi, hajui Kiswahili, na Kifaransa chake hakuna anayekielewa. Watu wamesema bibi ya mwalimu anajua lugha yake.

Njiani, ndani ya gari, ajida alimpa masharti. Alizungumza bila hasira, kama mtu anayeonyesha mgeni choo kiko wapi.

"Huyu muzungu anatafuta wajane. Hapa hakuna mujane. Wanaume wamesafiri, wengine wako mu kazi ya serikali. Mimi Kiingereza sikijui, lakini maneno ya kufa nayajua. Kufa, kuua, mujane. Nimejifunza hayo. Nikiyasikia mu kinywa yako, chakula kinarudi Bujumbura, na yule mwanamuke aliyeyasema atakuja kunielezea. Na wewe pia."

"Nimesikia," Cibalonza alisema.

Wanawake walikuwa wamekaa chini, katika uwanja wa ghala la mawese la Minago, juani. Walikuwa wengi kuliko alivyotarajia. Wengine aliwajua kwa nguo, kwa kuwa alizishona yeye. Hawakupiga kelele. Magunia ya unga na maharage yalikuwa yamepangwa ukutani, na mbele yake daktari alikuwa ameketi juu ya sanduku, mzee mwenye ndevu nyeupe na pua iliyobabuka kwa jua. Alionekana hajalala vizuri kwa muda mrefu. Alimshika Cibalonza mkono, akamshukuru, akamwuliza alijifunzia wapi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza Kiingereza na Mwingereza, na alishangaa kwamba anamwelewa. Lugha ile aliyoichezea kwenye maharage ilikuwa lugha kweli.

Daktari naye alikuwa na masharti. Chakula hicho kilitolewa na makanisa kwa ajili ya wajane na yatima peke yao. Mahali pengine alikogawa bila kuuliza, wenye nguvu walijaza mikokoteni na wasio na kitu wakarudi na vikapu vitupu. Hapa atauliza kila mwanamke swali moja: ana mume, au alikuwa na mume? Aliyekuwa naye asimame kulia, apate. Aliye naye asimame kushoto.

Cibalonza aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Ajida alikuwa ameegemea mlango wa ghala, karibu kabisa, akichonga kijiti.

Wa kwanza alikuwa Pascasie, mke wa Lukeba mwashi, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Cibalonza alimwuliza habari za mume wake. Pascasie alijibu kama mtu anayejibu barabarani.

"Mume wangu iko mwashi. Walimuchukua. Atarudi."

Cibalonza alitafsiri neno kwa neno, bila kupunguza. Ni mwashi, walimchukua, atarudi. Nyakati tatu ndani ya sentensi moja. Daktari alikunja uso.

"Atarudi," alisema. "Basi anaye. Kushoto."

Pascasie alikwenda kushoto. Hakujua maana ya upande ule. Alisimama pale akimbembeleza mtoto, akiangalia magunia.

Wa pili alikuwa Zena, mke wa mvuvi, mwanamke wa makamo. Aliinama akamnong'oneza Cibalonza kwamba ameelewa jinsi mambo yanavyokwenda, lakini hawezi. "Nikisema alikuwa, nimemuzika kwa kinywa yangu. Na yule pale anasikiliza. Sema wewe unavyojua."

Hapo ndipo Cibalonza alipoona kwamba hakuna mwanamke atakayepata unga ule. Wakisema *is*, daktari atawanyima. Wakisema *was*, ajida atawataka waeleze, na nyuma ya *was* maswali ya daktari yangefuata moja baada ya lingine mpaka neno lile lililokatazwa litoke. Zaidi ya hayo, hakuna mmoja wao aliyekuwa na hakika. Hakuna aliyeona maiti. Walichokuwa nacho wote ni kamyo iliyokwenda kaskazini.

Alimgeukia daktari, akasema polepole:

"Mume wake *was* mlishaji wa nyumba yao, na *is* hayumo ndani yake."

Alisema yote kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza sentensi ilikuwa fupi. Alikuwa mwenye kuilisha nyumba, hayumo. Ajida aliinua macho, hakusikia neno alilolijua, akarudi kwenye kijiti chake.

Daktari aliweka mkono kwenye paji la uso. "Mama, naomba uchague. Ulianza na *was*, ukamaliza na *is*. Ni ipi?"

"Zote mbili."

"Nimekuuliza jambo rahisi. Mume yupo, au alikuwepo?"

"Alikuwa akimlisha. Hayumo. Sina sentensi nyingine, bwana."

"Mwalimu wako hakukufundisha kutochanganya nyakati?"

 Kabla ya siku hiyo Cibalonza alikuwa na miezi miwili hajazungumza lugha hii na mtu yeyote, na maneno yalimjia yenyewe, yakiwa yamejipanga.

"Mwalimu wangu ni mume wangu," alisema. "Alinifundisha kwamba sentensi moja ina wakati mmoja, na yeye anakosea."

Daktari alianza kutabasamu, kama mtu anayesahihisha daftari akakuta kosa la kuchekesha. *Alinifundisha*, na *anakosea*. Kisha tabasamu likasimama katikati. Aliuangalia uso wa mwanamke aliyekuwa mbele yake, akaangalia wale waliokaa juani, akaangalia mlango wa ghala, ambapo mtu mwenye bastola alikuwa akichonga kijiti ambacho hakikuwa na kazi yoyote. Ajida aliuliza, "Anasema nini?"

"Anasahihisha Kiingereza changu," Cibalonza alimjibu.

"Kiko kibaya?"

"Kibaya sana."

Ajida alicheka kidogo. Daktari akakohoa, akasema kwa sauti ya darasani, kavu kabisa: "Hapana. Nimekosea mimi. Wakati ukiwa mmoja, kitenzi kinabaki kimoja. Wakati ukibadilika, kitenzi kinabadilika nao, hata katikati ya sentensi. Sentensi yako ni sahihi. Je, wanawake hawa wengine nao wanaweza kuisema?"

"Wote, bwana."

"Basi waiseme. Na yule mwanamke wa kwanza arudi, aiseme tena."

Pascasie aliitwa. Cibalonza alimwuliza swali lilelile, Pascasie akajibu vilevile, kwamba mume wake iko mwashi na atarudi, na Cibalonza akatafsiri kwamba alikuwa mwenye kuilisha nyumba na hayumo ndani yake. Daktari alionyesha kulia. Baadaye walikuja wote, mmoja baada ya mwingine. Wengine walisema maneno mengi, wengine walitaja kazi ya mume tu wakanyamaza, mmoja alilia bila kusema kitu. Katika Kiingereza yote yalikuwa sentensi ileile. Kufikia alasiri Cibalonza alikuwa akiitamka bila kusikia maana yake, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika. Ajida alichoka akaenda kukaa kwenye gari. Hakuna aliyebaki kushoto.

Gunia la mwisho lilipofunguliwa daktari alimwuliza kwa sauti ya chini: "Na wewe?"

"Mimi ni mkalimani."

Alimpimia unga na maharage kama wengine, hakumwuliza zaidi. Aliahidi kurudi mwezi uliofuata. Hakurudi. Baadaye ilisemekana ruhusa yake iliondolewa, au aliugua. Cibalonza hakupata kujua.

Unga ulisaidia mpaka muhogo ukakomaa. Watu walirudi sokoni. Amissi alifungua duka, na Cibalonza akashona, hasa nguo za watoto, maana watu wazima hawakutaka nguo mpya mwaka ule. Wanawake wa Minago walipopita walimsalimu kwa jina. Hawakutaja siku ile.

Mvua za kwanza zilipoanza, Asiya, mke wa Idi, alikuja barazani kupimisha blauzi. Akiwa amenyoosha mikono apimwe, alisema bila kugeuza kichwa kwamba Lukeba mwashi yuko hai. Alikuwa ng'ambo, upande wa Kongo, miezi yote hiyo. Idi amemleta Minago amchukue mke wake, wataondoka kesho kabla ya saa sita. Anataka kumwona bibi ya mwalimu.

Cibalonza alikwenda Minago asubuhi kwa baiskeli ya kukodi, amekaa nyuma na kikapu, kama mtu anayefuata ndagala. Samaki walikuwa wametandazwa mchangani, na wanawake wakiwageuza kwa fagio. Lukeba alikuwa kati ya mitumbwi iliyopinduliwa, amevaa kofia ya mvuvi, amekonda mpaka hakumtambua. Pascasie alikuwa pembeni yake, ameshika pindo la shati lake kwa vidole viwili na hakuliachia muda wote huo.

"Tulikuwa wote mu kamyo moja," Lukeba alisema. "Walitufunga wawili wawili, mukono kwa mukono. Mimi kamba yangu ilikuwa mbovu. Tulipofika mutoni gari likakwama, askari wakashuka kusukuma. Nilitoa mukono. Nikaogopa kuruka. Mwalimu alikuwa nyuma yangu, amefungwa na muzee mumoja wa Gitaza. Akanisukuma na bega. Nikaanguka mu matete."

"Alisema kitu?"

"Alisema, nenda."

"Halafu?"

Lukeba aliangalia ziwa. "Nililala mu maji mpaka kichwa. Niliwasikia wakiteremushwa wote. Halafu bunduki. Halafu gari likaondoka, nikalisikia liko nyepesi."

"Uliona?"

"Sikuona, mama. Lakini lilikuwa nyepesi. Hakuna aliyepanda tena."

Cibalonza alimshukuru. Pascasie alimwachia mume wake kwa mara ya kwanza, akamkumbatia, na mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka akaanza kulia, ikabidi wamnyamazishe kwa sababu ya askari wa barabarani. Idi alikuwa tayari ndani ya mtumbwi, mkono kwenye injini. Alisema kuna nafasi, kwake yeye na kwa mama. Cibalonza alisema mama hapandi mtumbwi, anaogopa maji. Ilikuwa kweli. Aliwaangalia wakiondoka mpaka mlio wa injini ukaisha, akanunua ndagala kwa sababu alikuja na kikapu, akarudi Rumonge.

M'Cirhuza alikuwa uani akipepeta maharage. Chakula cha mchana kilikuwa mezani, sahani tatu, ya tatu imefunikwa. Cibalonza aliweka kikapu chini.

"Mama. Bahizire amekufa."

M'Cirhuza aliendelea kupepeta kwa muda, mpaka maganda yote yakatoka. Kisha aliuliza nani amesema, na Cibalonza akamwambia yote, mto, kamba, bega, gari lililokuwa jepesi. Kwenye bega mama alimzuia.

"Sema tena hapo."

"Alimusukuma na bega, akamwambia, nenda."

"Yule Lukeba aliyetujengea choo?"

"Ndiye huyo."

"Choo kilianguka," M'Cirhuza alisema, na ndipo akalia, bila sauti, mdomo wazi, akiwa bado ameshika ungo.

Msiba haukuruhusiwa. Nyumba mbili zilizokuwa zimetandika mikeka na kupokea watu zilikuwa zimetembelewa na askari, na wenyewe wakaulizwa wanamlilia nani, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Cibalonza alikwenda kwa Asiya akamweleza. Asiya aliuliza kama wana mikungu ya ngazi, yaani chikichi za mawese.

"Tuko nayo minne, haijapikwa."

"Basi kesho tunakuja kukusaidia mawese."

Walikuja asubuhi, wakiwa na sufuria na vinu. Asiya alikuja na dada yake, Zena alitembea kutoka Minago, akaja mke wa Amissi, wakaja wanawake wa kanisani, na wengine ambao Cibalonza hakuwajua na ambao hawakujieleza. Waislamu walikaa na Wakristo kuzunguka moto. Walichambua ngazi, wakazichemsha, wakazitwanga, wakakamua nyuzi mpaka mikono yao ikawa myekundu hadi viwikoni. Kazi hiyo ina moshi mwingi, na mtu aliye karibu na moshi hufuta macho. M'Cirhuza aliwekwa pale moshi ulipoelekea. Alizungumza juu ya mwanawe siku nzima: alivyokuwa mtoto mkaidi, alivyokimbilia Kigoma bila kuaga, alivyoleta nyumbani lugha isiyo na kazi. Wanawake waliitikia na kutwanga.

Alasiri ajida alisimamisha gari barabarani, akaangalia juu ya ua. Aliona wanawake, vinu na sufuria.

"Kazi nyingi leo," alisema.

"Mawese, bwana," Asiya alijibu. "Ukitaka, uturudie kesho na chupa."

Akaondoka.

Walimaliza siku ya tatu. Mafuta yalitoka mengi kuliko walivyotarajia kutoka kwenye mikungu minne, na M'Cirhuza akasema kisibaki kitu ndani ya nyumba, wayagawane waliokuja. Kila mmoja aliondoka na chupa yake, imefungwa kwa jani la mgomba, na hakuna aliyesema neno la kuaga linalosemwa msibani. Cibalonza alibaki uani akisugua sufuria kwa majivu na mchanga. Mama mkwe wake alileta kigoda, akakaa karibu naye, akachukua sufuria ya pili.

"Hii ni ya Asiya," alisema. "Isugue vizuri. Mawese yakigandia hayatoki."